Mjadala: Mhusika wa jukwaani aongee Kiswahili sanifu, au aongee kama tunavyoongea Mbagala?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Ijumaa iliyopita nilikuwa Upanga kuangalia tamthilia mpya ya vijana. Ukumbi mdogo, viti vya plastiki, feni moja inazunguka na nyingine imegoma. Igizo lilipokwisha tukakaribishwa kutoa maoni. Mzee mmoja mwenye heshima zake akasimama, akasema vijana wameligeuza jukwaa kijiwe. "Mwanangu", "buku", "kuzingua", hiyo kwake si lugha ya tamthilia. Nusu ya ukumbi ikapiga makofi, nusu ikaguna. Nilipanda gari la Rangi Tatu nikiwa bado nimefura. Sasa nimepoa, naomba tulijadili.

Mimi nasema mzee alisikia kasoro ya kweli ila akaitaja siyo. Kilichoniudhi katika igizo lile si "buku". Ni kwamba watu wote sita walikuwa na mdomo mmoja. Konda, mama ntilie, mwanachuo, mpaka mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wote ni "mwanangu". Mwenyekiti anamwambia mjane "kausha mwanangu". Jamani! Mjane amefuata barua ya utambulisho, mjumbe amekaa pembeni, muhuri uko mezani, halafu mwenyekiti aseme "kausha"? Mwenyekiti wa mtaa wangu akishika muhuri tu anaanza kuongea kama taarifa ya habari. Hapo ndipo unapomjua.

Mtu wa Dar ana lugha tatu nne kwa siku moja. Msikilizeni konda. Kwa bibi mwenye kapu: "Shikamoo mzazi wangu, sogea kidogo hapo." Kwa dereva: "Twende suka!" Trafiki akinyoosha mkono: "Afande, naomba unisamehe, leo tu." Mtu ni yuleyule, dakika ni ileile. Kati ya "suka" na "afande" kuna igizo zima, na mtunzi anayempa konda lugha moja tu, iwe sanifu iwe ya mtaani, amelitupa.

Na kulikuwa na onyesho moja, labda la dakika nne, ambalo ndilo limenifanya niandike. Mama anasukuma chapati, mgongo kaupa mlango. Binti anaingia usiku. Sisi watazamaji tunajua hela ya kikoba haipo kwenye kopo.

"Umekula?"
"Nimekula."
"Wapi?"
"Kwa rafiki."
"Rafiki ana hela."
"Kidogo."
"Mshukuru. Mwambie Jumamosi mama ana kikao cha kikoba."

Basi. Mkono wa mama haukusimama kwenye kibao hata mara moja. Simu ya mtu ikaita nyuma yangu na hakuna aliyegeuka. Ukiyatazama maneno yenyewe, hakuna la mtaani wala la kamusi. Lakini mama anajua, binti anajua kwamba mama anajua, na hakuna aliyesema.

Hivyo ndivyo tulivyo. Huu ni mji wa mafumbo na vijembe. Mwanamke anaweza kumaliza ugomvi wa mwezi mzima kwa kujifunga kanga yenye jina linalomhusu jirani, akapita mbele ya mlango wake kwenda dukani kununua kiberiti asichokihitaji. Halafu mtu huyohuyo tukimpandisha jukwaani tunamfanya aseme: "Nina hasira na wewe kwa sababu ulinitelekeza nikiwa na mimba yako." Nani anaongea hivyo? Labda kituo cha polisi, akiandikisha maelezo.

Nimemaliza. Nipingeni.

Mwalimu wa fasihi, Kigamboni

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri, ila umemhukumu mzee wa watu haraka mno.

Tamthilia haiishii Upanga. Ikibahatika inachapishwa, inasomwa Songea na Bukoba, na inasomwa miaka mingi baada ya waigizaji kuota mvi. Neno la mtaani halina umri huo. Waambie wanafunzi wangu mhusika fulani ni "bitozi" uone watakavyokukodolea macho, na sisi tulipokuwa vijana bitozi alikuwa kila kona.

Chukua *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969. Wale ni wakulima wa kusini, vita vya Maji Maji, 1905. Nyumbani kwao hapana shaka walisema lugha zao. Mtunzi amewapa Kiswahili, na hakuna mtazamaji anayenyanyua mkono kusema "huyu mbona haongei Kimatumbi?" Lugha ya jukwaani si kinasa sauti. Inachaguliwa. Na ndani ya Kiswahili kilekile cha kawaida mtu anasimama: Kinjeketile amefungwa, Wajerumani wanamtaka akane maji, ile dawa iliyoaminika kuwakinga wapiganaji na risasi, anakataa, ingawa yeye mwenyewe ameshaona kwamba neno alilolizaa limekua mpaka limemshinda nguvu. Mtu anayekataa kulikana jambo ambalo halina hakika tena moyoni mwake! Hilo halikuhitaji "mwanangu".

Nakubaliana na wewe jambo moja. Darasani tunaziua tamthilia. Mwanafunzi anaandika "mhusika bapa" (asiyebadilika), "mhusika duara" (anayebadilika), anapata alama zake, na hajawahi kulisoma jibizano hata moja kwa sauti. Mimi nimo katika kosa hilo.

Dogo wa Tandale

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, "daladala" nalo lilianza mtaani. Dala ni shilingi tano, ndiyo iliyokuwa nauli. Tungewasubiri wenye kamusi, leo tungekuwa tunapanda "basi dogo la abiria".

Halafu mnaongelea maneno ya mtaani kama vile yote ni matusi. Nikisema "leo nimepiga pasi ndefu" nimekwambia sina hela, nimekula mara moja, na sitaki unionee huruma. Niandikie hiyo kwa sanifu uone itachukua mistari mingapi. Na hiyo ya mwisho, ya kutotaka huruma, itapotea.

Mwalimu wa fasihi, Kigamboni

Marahaba mwanangu. (Umeona, nalitumia.) Hiyo ya pasi ndefu nimeipokea.

Mzee wa vikundi

Niwaambie jambo ambalo vijana hamkulikuta. Enzi za vikundi vya sanaa vya Muungano, Mandela, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre), miaka ya themanini kwenda tisini, onyesho lilikuwa ni usiku mzima kwenye ukumbi wa baa: ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho, na igizo. Igizo lile halikuwa na mswada. Mchana kiongozi anawapa kisa: wewe baba, wewe mke mdogo, wewe mpangaji mwenye maneno, mwisho baba anafumaniwa. Jioni mnapanda. Maneno unayatafuta mwenyewe huku watu wanakula mishikaki, na ukiwachosha wanakugeuzia mgongo, wanaagiza bia.

Pale ulijifunza kumsikiliza mwenzako, maana hujui atasema nini. Ndiyo maana majibizano yalikuwa moto. Lakini nisiwadanganye, tulikuwa na ugonjwa wetu. Kikundi kimoja nilichokuwemo kilikuwa na mchekeshaji, akipata kicheko kimoja anakifuata kama mbuzi na majani. Igizo la nusu saa linakwenda saa moja na robo. Siku moja mimi nilikuwa maiti, nimelala chini ya shuka, jamaa ananililia akitafuta kicheko cha tano. Mbu wananimaliza. Nikakohoa. Hicho ndicho kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote usiku ule, na msiba ukafia hapo.

Baadaye michezo ikahamia kwenye runinga, vikundi kama Kaole, watu wakabaki majumbani kuangalia bure.

Ushauri wangu kwa watunzi wa sasa: wapeni waigizaji kisa bila mswada siku mbili, kaeni pembeni mkisikiliza. Ya tatu ndiyo muandike. Mnaandika peke yenu usiku kwenye laptop, ndiyo maana watu sita wana mdomo mmoja. Mdomo wenyewe ni wa mtunzi.

Dada wa miradi

Mnabishana sanifu na mtaani, na hakuna anayetaja hela.

Nimeandika maigizo ya jukwaani ya miradi kwa miaka kadhaa. Afya, ukatili wa kijinsia, uchaguzi. Mfadhili anataka "ujumbe usikike". Niliwahi kuandika onyesho la mke anayeficha jeraha mbele ya dada yake: anazungumzia bei ya mchele muda wote na mkono hautoki ndani ya kanga. Rasimu ikarudi na maandishi mekundu: *aseme wazi kwamba amepigwa, ataje sheria, ataje namba ya simu ya msaada.* Nikaandika. Mwigizaji akasimama mbele ya watu wa Temeke akataja sheria na mwaka wake na namba ya simu, kifuani ana kitambaa chenye damu ya rangi. Watoto wa mbele wakacheka.

Kwa hiyo, mleta mada, huyo mhusika wako anayeongea kama maelezo ya polisi hakuzaliwa na mtunzi asiyejua. Alizaliwa ofisini.

Dogo wa Tandale

Dada pole. Lakini mama angu anasimulia mpaka leo habari za Mkwaju.

Mleta mada

Kwa wasiomjua: *Twende na Wakati*, mchezo wa redio ulioanza 1993 Radio Tanzania, wa uzazi wa mpango na UKIMWI. Mkwaju alikuwa dereva wa lori, kila kituo ana mwanamke, mkewe Tunu anahangaika na watoto mpaka anaamua kuanza biashara yake. Mkwaju anakufa kwa UKIMWI. Mradi ule ulikuwa na ujumbe kuliko bango, lakini Mkwaju alikuwa na kiburi chake, na ukimsikiliza ulikuwa unamjua mjomba wako fulani. Na *Nguzo Mama* ya Penina Muhando, ya 1982, wanawake hata majina hawana, wana namba, Bi Pili, Bi Tatu, mpaka Bi Nane, na jambo lenyewe ni la ukombozi wa mwanamke, waziwazi. Bado wanagombana kama watu. Kwa hiyo dada, naomba nikubishie kidogo: ujumbe peke yake hauui. Kinachoua ni kumlazimisha mhusika aubebe mdomoni.

Mwalimu, umenibana kwenye *Kinjeketile*, nakubali. Sitasema tena kwamba mtu wa sanifu tupu hawezi kuwa hai. Lakini nami nikurudishie kitu. Mwalimu Nyerere alitafsiri *Julius Caesar* ya Shakespeare, ikatoka 1963. Unakumbuka inavyoanza? Si na Kaizari. Ni wakubwa wawili wanawafokea watu wa mtaani, na fundi viatu anawajibu kwa kucheza na maneno mpaka wanapandwa hasira, hawajui kama wanadharauliwa au wanajibiwa. Lugha mbili ziko jukwaani tangu dakika ya kwanza, na uhasama wa mji unausikia humo kabla hujamwona Kaizari. Hata *Mashetani* yake Hussein, ya 1971: Juma na Kitaru ni marafiki, na yale wasiyoweza kuambiana kama marafiki wanayasema wakiwa ndani ya mchezo wa Shetani na Binadamu. Wamevaa sura nyingine ndipo ukweli unatoka. Hicho ni kijembe, mwalimu, tena kimechapishwa na kinasomwa.

Kwa hiyo nabadilisha swali langu. Badala ya "sanifu au mtaani", niulize hivi: mhusika huyu, akiingia mtu mwingine chumbani, lugha yake inabadilika? Kama haibadiliki, mimi narudi kwa mtunzi.

Mwalimu wa fasihi, Kigamboni

Kwa hilo swali nakuja na darasa zima. Ila bado namtetea mzee. Igizo likiwa na mwenyekiti anayesema "kausha", mzee hakosei kukasirika. Amekosea sababu tu.

Mama wa chapati

Samahanini, nimetumiwa huu mjadala na rafiki. Mimi ndiye niliyecheza yule mama wa Ijumaa.

Kwenye mswada onyesho lile lilikuwa ukurasa na nusu. Mama anamwambia binti jinsi alivyohangaika kuichanga hela, jinsi baba yake alivyoondoka, kila kitu. Niliyakariri yote. Wiki ya mwisho mwongozaji akaleta unga wa kweli, akasema nisukume kweli. Nikashindwa. Ukisukuma chapati huku unalia na unahutubia, unga unakauka, chapati inakuwa ramani ya Afrika. Kila siku ya mazoezi nikawa napunguza sentensi moja ili chapati itoke duara. Mtunzi alinuna siku mbili, halafu akaanza kukata mwenyewe.

Mzee wa vikundi

Binti, "Umekula?" lilikuwa la mtunzi au lako?

Mama wa chapati

Shikamoo mzee. La mama yangu mzazi. Alikuwepo ukumbini, safu ya tatu. Tangu Ijumaa hajasema neno lolote kuhusu igizo, ila jana kanitumia kanga kwa bodaboda. Jina lake silisemi hapa.