Machela yenye damu: tunakosea wapi na klorini?

Habari wakuu. Tukimshusha mgonjwa aliyetokwa damu, tunapulizia klorini gari zima la wagonjwa kisha tunafuta. Mikanda ya machela bado ina madoa, vyuma vinashika kutu. Shida nini?

— Mkuu, mnaruka hatua. Klorini ikikutana na damu huishiwa nguvu kabla ya kuua vijidudu. Fungua milango, vaa glavu, nyonya damu kwa karatasi, osha kwa sabuni na maji, ndipo upake klorini ya asilimia 0.5. Chupa ikiwa ya asilimia 5, ni sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Pabaki pabichi dakika 10. Msipulizie, tafadhali: mvuke unaumiza mapafu na matone hayafiki kila pembe.

— Kutu ni kwa sababu hamsuuzi. Dakika zikiisha, futa vyuma kwa maji safi, kausha. Mikanda ivueni, muioshe kando. Uchafu hujificha kwenye vifungo vyake. Anzeni juu kushuka, sakafu mwisho. Vishikio vya milango husahaulika sana!

— Changanyeni klorini upya kila siku. Kamwe msitie asidi ya kusafishia choo humo, hutoa gesi ya sumu. Na godoro lililochanika libadilishwe, halisafishiki.