Alama za dini wanazovaa watumishi kwenye ofisi za umma: zikatazwe au ziachwe?

Wakili: Zikatazwe, angalau kwa hakimu, polisi na askari magereza. Mshtakiwa hana dirisha la pili la kwenda. Asibaki na shaka kwamba imani ya anayemhukumu imeingia kwenye hukumu. Quebec, jimbo la Kanada, walipitisha sheria ya namna hiyo Juni 2019.

Afisa utumishi: Quebec hawakuishia hapo. Sheria iliwabana hata walimu wa shule za umma. Waliokuwa kazini tayari waliachwa na alama zao, ila kwa sharti la kubaki kwenye kazi ileile, kwa mwajiri yuleyule. Mwalimu mwenye hijabu akipewa ukuu wa shule inabidi achague: cheo au hijabu, hata kama hajawahi kulalamikiwa. Na ili mahakama isiitengue, walitumia kifungu cha 33 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa Kanada, ambacho kinga yake hudumu miaka 5. Waliihuisha 2024. Sheria inayohitaji kinga ya namna hiyo inanitia wasiwasi.

Wakili: Kwa walimu nakubali, walivuka mpaka. Kwa hakimu sirudi nyuma.

Muuguzi: Wodini tatizo ni mkufu. Mgonjwa aliyechanganyikiwa huushika akauvuta. Ukining'inia hugusa kidonda. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliunga mkono hospitali ya umma Uingereza iliyomkataza muuguzi msalaba wa shingoni. Katika hukumu hiyohiyo mfanyakazi wa shirika la ndege la British Airways, naye aliyekatazwa msalaba, alishinda, kwa kuwa kampuni ilikuwa inalinda sura yake tu. Kwa hijabu: iwe fupi, ichomekwe ndani ya sare, ibadilishwe kila zamu. Ya polisi ifungwe kwa kishikizo kinachoachia ikivutwa, isiwe na pini.

Afisa utumishi: Mwongozo uandikwe hivyo hivyo: kazi gani, hatari gani, rufaa inakwenda kwa nani. Ukiandika "alama zinazoonekana" pekee, msalaba mdogo utapita chini ya shati, kilemba cha Singasinga hakina pa kujificha. Kanuni ni moja, mzigo ni wa wachache. Na hakimu je? Mwenye kesi akiwa na sababu ya kweli, aombe hakimu ajitoe. Njia hiyo ipo.

Wakili: Kwenye mahakama nyingi ombi hilo huamuliwa kwanza na hakimu huyohuyo. Hapo ndipo ninapokataa.