Naomba ushauri: karakana ya ushonaji imezidiwa na oda, je, nifungue ya pili sasa?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba mawazo ya wenye uzoefu wa kukuza biashara. Ninaendesha karakana ya kushona sare za kazi na za shule, na kwa muda sasa tunakataa oda kwa sababu mafundi hawawezi kuzimaliza kwa wakati. Jengo la jirani limepatikana, na benki iko tayari kunikopesha fedha za pango na cherehani. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba vitabu vinaonyesha faida, lakini kila mwisho wa mwezi akaunti huwa karibu tupu: vitambaa tunavilipia siku vinapofika, kazi huchukua siku 30 hivi, na wateja wakubwa hulipa siku 60 baada ya kupokea mzigo. Je, nipanuke sasa au nisubiri? Na kama ni kupanuka, kwa kasi gani?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, kabla ya jengo angalia hizo siku 90 ambazo fedha yako inakuwa nje. Tuseme kwa mwezi unauza sare za thamani ya 100 na gharama zote ni 80. Wakati wowote ule, takriban 240 imefungwa kwenye vitambaa, kazi ambazo hazijaisha na ankara ambazo hazijalipwa. Ukizidisha mauzo mara mbili bila kubadili utaratibu, utahitaji 240 nyingine, ambayo kwa faida ya 20 kwa mwezi utaikusanya kwa miezi 12, tena bila kuchukua chochote cha matumizi ya nyumbani. Mishahara hailipwi yote siku ya kwanza, kwa hiyo hali yako halisi itakuwa nafuu kidogo, lakini mkopo unaoutaja ni wa pango na cherehani, na pengo hilo hauligusi kabisa. Ndiyo maana biashara yenye faida na oda tele huweza kushindwa kulipa mafundi wake.

Sasa punguza siku hizo kutoka 90 hadi 60, kwa kuomba malipo ya awali na kufuatilia ankara mapema. Mauzo yakiwa mara mbili, fedha itakayofungwa ni 320, na 240 tayari unayo ndani ya mzunguko. Pengo linabaki 80, yaani faida ya miezi 4. Mimi ningeanzia hapo, kwa sababu kasi unayoimudu inaamuliwa na muda huo kuliko wingi wa oda.

Mchangiaji wa pili

Hesabu hiyo naikubali, ila bado sijashawishika kwamba unahitaji jengo. Je, kazi inakwama wapi hasa? Kama vitambaa vinarundikana kwenye meza ya kukatia huku washonaji wakisubiri, cherehani mpya hazitaongeza hata sare moja. Unahitaji mkataji wa pili. Jaribu pia zamu ya jioni katika jengo ulilonalo. Zamu unaweza kuisitisha oda zikipungua, lakini pango la mkataba wa miaka kadhaa utalilipa hata mafundi wakiwa wamekaa bure. Tena sare za shule zina msimu, kwa hiyo usipime mahitaji ya mwaka mzima kwa miezi ya kufungua shule.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ningeuliza nani atasimamia hiyo ya pili. Hata kampuni kubwa hukwama hapa: Target ya Marekani iliingia Kanada mwaka 2013 kwa kufungua maduka mengi kwa mkupuo, na taarifa za bidhaa katika mfumo wake zilikuwa na makosa kiasi kwamba rafu zilikaa tupu huku maghala yakijaa. Januari 2015 ilitangaza kuondoka, ikiwa na maduka 133. Ingeanza na machache, makosa yaleyale yangerekebishwa kwa gharama ndogo. Kwa hiyo mkabidhi msimamizi karakana ya sasa kwa mwezi mzima, wewe usiingilie, kisha linganisha ubora na muda wa kumaliza oda.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Ni kweli, vitambaa hurundikana mezani kwa mkataji. Hofu yangu ni kwamba wateja watatu huchukua zaidi ya nusu ya kazi yetu, na nikidai malipo ya awali wanaweza kuhama.

Mchangiaji wa kwanza

Basi usianze nao. Anza na wale unaowakataa sasa: waambie nafasi ipo kwa atakayetanguliza gharama ya kitambaa. Wakikubali wa kutosha kujaza zamu ya jioni, utakuwa na oda ambazo zinajigharamia zenyewe, na wale watatu utazungumza nao mikataba itakapofika wakati wa kuhuishwa. Wakikataa wote, jengo la jirani liache.