Mjadala: Visawe vya Kiingereza viamuliwe na kamusi au na kongoo?

Mwalimu, Uyole:
Wakuu, kidato cha pili kuna mtoto kaandika "powerful tea". Nimemkosesha. Kaja na kamusi ya maktaba: strong ni "enye nguvu", powerful nayo ni "enye nguvu". Nimjibu nini? "Waingereza hawasemi hivyo"? Huko ni kumkaririsha tu. Naona tutumie kongoo, yaani mkusanyiko wa maandishi na mazungumzo halisi unaopekuliwa kwa kompyuta. British National Corpus ina maneno milioni 100. Ukiliingiza neno, linakaa katikati ya mistari, majirani zake kushoto na kulia. Strong iko na tea, coffee, wind. Powerful iko na engine, computer.

Mdau, Mafinga:
Kamwene mwalimu. Napinga. Kongoo hiyo ilikamilika 1994, tena ni Kiingereza cha Uingereza. Chai inachumwa Mufindi, hukumu itoke London? Na darasa lililojaa hadi mlangoni utalipatia wapi kompyuta? Kamusi inatosha.

Mdau, Tukuyu:
Ndaga kwa mada. Ndugu wa Mafinga, hizo kamusi nazo zinatoka humo humo. Collins COBUILD ya 1987 ilitungwa kwa kongoo ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Na kuhusu London: kongoo ya GloWbE ina maneno bilioni 1.9 ya mtandaoni kutoka nchi 20, Tanzania imo.

Mdau, Mafinga:
Imo, sawa. Maneno ya mtandaoni ya nani? Waandishi wa habari na wasomi wa mjini. Halafu kongoo inakuonyesha wengi wanasemaje, haisemi nani kakosea.

Mwalimu, Uyole:
Hapo kwenye wengi na sahihi nakubali. Kompyuta lakini si hoja. Mimi nachukua mistari kumi, naiandika ubaoni, neno nimelifuta, wao wanajaza. Juzi ilikuwa cause. Kamusi inasema "kusababisha", basi. Mistari ikajaa damage, problems, death. Binti wa nyuma akauliza, "Sir, mbona mabaya matupu?" Swali hilo kamusi yetu isingelizaa.

Mdau, Tukuyu:
Basi zoezi la visawe mkoseshe. Kwenye insha, kama chai yake imeeleweka, alama usimkate.

Mdau, Mafinga:
Na msahihishaji wa mtihani wa taifa akimkata? Huyo hajui mistari yako ya ubaoni. Mimi bado naikataa.