Naomba ushauri: nimwandikie kaka kwamba nina hasira, ghadhabu au chuki?

Mwana wa Mwaloni: Wapendwa, nipo Kirumba, Mwanza, na tangu juzi usingizi sipati. Kaka yangu aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe, aliuza mtumbwi wa marehemu baba bila kuniuliza, na kwa kuwa simu zangu hapokei, nimeamua kumwandikia barua. Je, niseme nina hasira naye, ghadhabu au chuki?

Mwalimu Mstaafu: Hasira hupanda na kushuka; ikizuka ghafla huitwa hamaki. Ghadhabu ni ya mwenye uwezo wa kuadhibu, ndiyo maana husikika zaidi ikitajwa kwa Mungu kuliko kwa jirani. Kinyongo hakipigi kelele, bali hukaa moyoni kikingoja siku yake, ilhali chuki haihitaji hata kosa. Neno hasira tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni majuto na huzuni.

Mama Igoma: Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama, tulichokuwa nacho mjini kwanza kilikuwa fadhaa: nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, naulizwa hili najibu lile, na chakula kinaungua. Majonzi yalikuja makaburini, hapa Igoma, na simanzi ikabaki nami miaka mingi bila chozi. Usikimbilie neno, mwanangu. Kwani fedha za mtumbwi zilikwenda wapi?

Mwana wa Mwaloni: Zililipia upasuaji wa mke wangu. Lakini alipaswa kuniuliza! Isitoshe, barua nimekwisha kuiandika, neno nililoweka ni chuki, na bahasha anayo kijana atakayepanda meli kesho.

Msomaji Makini: Kisa hiki kimetungwa. Mwenye chuki ya kweli haketi akachambua maneno.

Mwana wa Mwaloni: Jumamosi niliuona mtumbwi huo Mwaloni, soko la samaki la hapa Kirumba. Wamepaka rangi ya bluu juu ya jina la mama, na herufi ya kwanza bado inaonekana kwa chini. Hilo ningelitunga kwa faida gani?

Mama Igoma: Basi huo ni uchungu. Ndilo neno la mwanamke anayejifungua, na ndilo tulitumialo tukisema mtu ana uchungu na nchi yake, yaani inamuuma kwa sababu ni yake. Kaka yako naye ni wako.

Mwana wa Mwaloni: Bahasha nimeifuata na kuichukua. Chuki nimeifuta, nikaandika uchungu. Ila kinyongo nilichokitaja mstari wa mwisho nimekiacha, mama, kwa sababu bado kipo.