Mzigo ulikulalia? Wauza nguo wa Lubumbashi, tupeane uzoefu

Mama Jaketi (mwenye mada)

Jambo yenu. Nauza nguo mpya soko la Kenya (wageni, Kenya ni komini yetu hapa Lubumbashi, si ile nchi). Mwaka huu mzigo umenilalia, yaani umekaa bila kuuzika, na kabla sijaagiza mwingine nataka kusikia ninyi mlilaliwa vipi na mkafanya nini. Naanza mimi, nisije nikaonekana ninachokonoa vidonda vya watu.

Baridi yetu mnaijua, Juni na Julai. Asubuhi unakuta mtu ndani ya basi amejifunga taulo shingoni. Basi mwisho wa Aprili nikaagiza jaketi 120 kutoka Guangzhou, dola 7 moja, zipu nzito ya chuma, manyoya kwenye kofia. Wakala akaniambia siku 50. Nikahesabu kwenye kalenda: katikati ya Juni. Safi.

Kumbe zile siku 50 zinahesabiwa tangu meli kuondoka, si tangu ulipotoa hela. Mimi napakia kwa grupaji, wafanyabiashara wengi ndani ya kontena moja, na kontena la grupaji haliendi mpaka lijae. Letu lilimngoja mtu wa vigae wiki tatu. Halafu bahari. Halafu bandari ya Dar es Salaam, Tunduma, barabara yote ya Zambia, na mwisho foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, siku tisa nzima, kilomita kama 90 tu kutoka nyumbani kwangu! Tarehe 22 Agosti nikafungua furushi la kwanza huku natokwa jasho.

Ukijumlisha usafiri na duane (ushuru wa forodha), kila jaketi ilinifikia kwa dola 11. Nimeuza 34, za kwanza kwa 15, za mwisho kwa 9. Zilizobaki 86 ziko chini ya kitanda. Lakini si hizo zilizoniuma. Septemba wazazi walikuwa wanatafuta nguo za shule, na hela yangu yote ilikuwa imelala kwenye manyoya. Nikakaa kwenye kiti kuwatazama wakipita kwenda kwa jirani.

Haya, nanyi?

Yaya Wax

Pole mdogo wangu. Jaketi zako Juni ijayo zitakuwa jaketi tena. Mimi nililaliwa na kitenge cha tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, kimechapwa na mwaka wenyewe.

Vikundi vitatu vya mama waliniagiza, viwili vya kanisa na kimoja cha ofisi. Sikuchukua hata franka ya kutanguliza, eti tunajuana. Mzigo ukaingia tarehe 14 Machi. Nikampigia mwenyekiti wa kikundi, akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, sisi tulishaandamana." Walikuwa wamepata kingine hapa hapa mjini, kibaya kuliko changu, ila kilikuwepo.

Mwaka ule ulikuwa umeandikwa kila baada ya shibiri mbili. Niliwapa mafundi wauweke upande wa ndani, nikauza foronya za mto, nikauza vitambaa vya kubebea watoto. Mtoto hajui kusoma.

Siku hizi nusu ya hela inatangulia, hata kama ni shangazi yangu. Na mzigo wa Machi naugawa: sehemu kubwa inapanda meli mapema, sehemu ndogo naweka pembeni hela ya ndege. Ndege inalipwa kwa kilo na inakula faida yote, naijua. Lakini mama wakipata vitenge kumi na vitano kwa wakati, hata zile hamsini zinazochelewa kidogo wanazingojea.

Fundi wa Kamalondo

Mimi nashona sare za shule, nyeupe na buluu. Zamani Julai nzima nilikuwa nashona mashati na kupanga kwa ukubwa, najiona mjanja. Septemba ikifika, wote wanataka namba 10 na 12, na mimi nimejaza namba 6. Namba 6 huwezi kuikuza.

Sasa nanunua kitambaa tu, nakihifadhi kikiwa jora zima. Nakata kola na mifuko, kwa sababu mfuko ni ule ule kwa mtoto yeyote. Mwili na mikono nakata mzazi akishasimama mbele yangu na mtoto wake. Wiki mbili za mwanzo wa Septemba naazima vijana wanne na cherehani zao, tunalala saa saba usiku. Ni uchovu, lakini Oktoba sibaki na shati. Kitambaa kinachobaki kinakuwa sketi Januari.

Mdogo wa UNILU

Wakubwa zangu, shikamoo. Nasoma biashara hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na fundi amenichekesha, kwa sababu anachofanya kwenye mashati, Benetton, kampuni ya nguo ya Italia, walikifanya kwenye sweta: wanazifuma bila rangi, wanazitia rangi baadaye wakishaona msimu huo watu wanataka rangi gani.

Na Mama Jaketi, duka la kwanza la Zara, kampuni kubwa ya nguo, A Coruña kule Hispania, mwaka 1975, linasimuliwa kwamba lilifunguliwa baada ya mteja wa Ujerumani kufuta oda kubwa kwenye kiwanda cha mwanzilishi wake, Amancio Ortega. Yaani naye alilaliwa! Baadaye wakajenga mfumo wa kuogopa kulaliwa: nguo ya mtindo inashonwa chache, duka linapata mzigo mpya mara mbili kwa wiki, na meneja wa duka anawaambia makao makuu wateja wanauliza nini. Nguo mpya inaweza kutoka kwenye mchoro hadi dukani kwa wiki mbili au tatu.

Papa Salaula

Mdogo wangu, asante kwa darasa, ila tusijidanganye. Hao viwanda vyao viko mlangoni: Hispania kwenyewe, Ureno, Moroko, Uturuki. Sisi kiwanda chetu kiko Guangzhou na kati yetu kuna bahari na Kasumbalesa. Ukiagiza chache chache kwa meli utalipa wakala mpaka uchakae.

Mdogo wa UNILU

Ni kweli, papa. Ila hata wao fulana za kawaida, zisizopitwa na mtindo, wanazitoa mbali Asia kwa sababu ni rahisi. Karibu wanashona ile ya mtindo, inayooza haraka.

Papa Salaula

Hapo umesema. Njo vile nafanya bila kusoma. Mimi ni mtu wa mitumba. Zamani nilikuwa nangoja niwe na hela ya mabalo (marobota) kumi. Sasa navuka Zambia kila wiki, mabalo mawili, basi. Usafiri kwa nguo moja umepanda, lakini hela inarudi kwa siku tano. Balo hulifungui kabla hujalipa, na siku nyingine unakuta limejaa suruali za majitu ya Ulaya, kiuno cha watu wawili wa hapa. Nikikosea, nimekosea balo moja.

Na nina daftari. Kila nikimjibu mteja "hakuna", naandika alichotaka. Mwezi wa Mei niliandika "koti la mtoto" mara 41. Mama Jaketi, za kwako ni za wakubwa?

Mama Jaketi

Za wakubwa tupu, papa. Sikumuuliza mtu, niliangalia picha kwenye simu nikapenda manyoya.

Fundi wa Kamalondo

Mama, leta mbili nizione. Kama zipu ni ya chuma kweli, tunaweza kukata mikono zikawa vizibao, na ile mikono ikatoa kofia za watoto.

Mama Jaketi

Narudisha habari. Nimempelekea mbili. Moja ameikata mikono mbele yangu, nimefumba macho. Haijawa kizibao cha kutokea, ukweli usemwe, imekuwa kama nguo ya mlinzi. Wakati tunabishana, kijana anayelinda lango la jirani yake akaingia, akaivaa bila kuuliza, akapandisha zipu mpaka kidevuni na kusema wenzake wa zamu ya usiku wako saba, bei gani. Nikamwambia aje Jumatatu, nipige hesabu kwanza.