Mchepuo upi: utangazaji, magazeti au uhusiano wa umma?

Mwanachuo_Mwz: Habari wakuu. Nipo mwaka wa kwanza, shahada ya mawasiliano ya umma. Semista ijayo tunajaza fomu ya mchepuo: magazeti na mtandao, utangazaji wa redio na TV, au uhusiano wa umma na matangazo. Mimi napenda redio, nyumbani wanataka uhusiano wa umma kwa sababu ya ajira. Kompyuta sina, simu ninayo. Nianze kuangalia nini?

Meza_ya_Habari: Mkuu, omba orodha ya masomo ya kila mchepuo hadi mwaka wa tatu, uone mangapi ni ya vitendo. Kisha ulizia vifaa: kamera moja wanagawana wangapi, studio inafunguliwa siku gani. UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wana Mlimani Redio na Mlimani TV, SAUT Mwanza (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) wana Radio SAUT. Kituo kinachorusha matangazo kweli kinakuzoesha kukimbizana na saa, na hilo zoezi la darasani haliwezi kukupa. Pasipo studio inayofanya kazi, utangazaji utausomea kwenye daftari tu. Hapo bora mchepuo wa magazeti na mtandao.

La ajira: ingia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, tafuta tangazo la Afisa Habari, usome sifa neno kwa neno. Mara nyingi wanataja shahada kadhaa kwa pamoja, uandishi wa habari, mawasiliano ya umma, uhusiano wa umma. Wazazi waonyeshe tangazo lenyewe.

Kipaza: Redio si sauti nzuri peke yake. Habari ya sekunde 30 kwa Kiswahili ni maneno kama 60. Ukiandika 90 utasoma mbiombio na msikilizaji atasikia unavyohema.

Simu yako inatosha kujipima. Iweke umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili p na b zisipige kwenye kipaza. Zima feni, kaa chumba chenye mapazia au nguo zilizotundikwa. Tumia programu ya kurekodi inayoonyesha desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti: unapopaza sauti mshale ufike kwenye -12 hivi. Ukigonga 0 sauti inapasuka, na kwenye kuhariri huiponyi. Ukimaliza mahojiano usiondoke kabla ya kurekodi sekunde 30 za mahali penyewe bila mtu kuongea, utazihitaji wakati wa kuhariri, kuzibia mlipokata maneno.

Kwa video, umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Ukiacha 30 na 1/60, taa za tyubu zitapepesa kwenye picha, na wengi huishia kulaumu kamera.

Mwanachuo_Mwz: Asanteni sana. Na uhusiano wa umma, ni kweli hakuna kuandika sana?

Bi_Mawasiliano: Si kweli mdogo wangu, unaandika kila siku. Taarifa kwa vyombo vya habari ni ukurasa mmoja, jambo lenyewe linakaa aya ya kwanza, jina na simu ya msemaji chini. Mhariri huitupa ile inayoanza na vyeo vya mgeni rasmi mistari minne kabla ya kusema kilichotokea. "Wakazi wa kata tatu kuanza kupata maji Jumatatu" inasomwa. "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ametoa wito" inarukwa.

Halafu Afisa Habari wa halmashauri mara nyingi anapiga picha, anaandika na anaweka habari kwenye tovuti yeye mwenyewe. Aliyepita utangazaji hiyo kamera haimtishi. Kama chuo chako kina studio hai, mimi ningesema chukua utangazaji, kozi za hiari uzijaze na uhusiano wa umma. Kama hakina, wasikilize wazazi.

Meza_ya_Habari: Naongeza: barua ya mafunzo kwa vitendo ipeleke miezi mitatu kabla, maana vyuo vingi vinaachia wanafunzi kipindi kimoja na vyumba vya habari vinajaa. Ambatanisha kazi mbili ulizomaliza, sauti au maandishi. Barua tupu huwa inabaki mapokezi.